SOMO LA ROBO HII: KOROngo NYANGUMI, WAVUVI NA KINAMASI



Somo la toleo hili linahusu ndege mmoja adimu, kinamasi anamoishi, na watu wanaoishi kando ya kinamasi hicho. Huenda baadhi yenu mtajiuliza ndege anahusiana nini na kamati ya usharika. Tunaomba mvumilie, kwa sababu swali lililo nyuma ya somo hili ni lile tunaloulizwa kila mwaka wakati wa kiangazi: je, bonde letu lenye maji tulifungue lote tulime, au tuliache?

Malengo ya somo. Baada ya kujifunza somo hili, mwanakamati aweze:

(a) kumweleza mwenzake korongo nyangumi ni ndege gani na kwa nini amekuwa adimu;
(b) kutaja angalau kazi tatu zinazofanywa na kinamasi bila malipo;
(c) kuongoza majadiliano kuhusu matumizi ya bonde au kinamasi kilicho karibu na usharika wake.

1. Huyu ni ndege gani?

Korongo nyangumi ni ndege mkubwa wa rangi ya kijivu anayeishi kwenye vinamasi vya mafunjo. Akisimama hufikia sentimita 110 hadi 140, yaani karibu sawa na mtoto wa darasa la tatu au la nne. Uzito wake ni kilo 4 hadi 7, na akikunjua mabawa yote mawili hufikia mita 2.3 hadi 2.6. Kinachomtofautisha na ndege wengine wote ni mdomo wake mpana na mnene, wenye urefu wa sentimita 20 hivi, na ncha iliyopinda kama ndoana. Wasemaji wa Kiarabu huko Sudani humwita Abu Markub, yaani mwenye kiatu. Jina lake la kisayansi ni Balaeniceps rex, maana yake mfalme mwenye kichwa cha nyangumi. Alipewa jina hilo na John Gould wa Uingereza mwaka 1850.

Ingawa tunamwita korongo, wataalamu wameona kuwa ndugu zake wa karibu ni mwari na fundichuma. Fundichuma wengi wetu tunamfahamu. Ni yule ndege wa kahawia anayejenga kiota kikubwa cha vijiti juu ya mti karibu na maji.

Chakula chake kikubwa ni samaki, hasa kamongo. Hula pia kambale, sato, nyoka wa majini na hata mamba wachanga. Kamongo ana mapafu, hivyo ni lazima apande juu mara kwa mara kuvuta hewa. Korongo nyangumi analijua jambo hilo. Husimama pale pale kwa muda mrefu bila kutikisika, akisubiri kamongo atokeze.

Uzazi wake ni wa polepole. Hutaga yai 1 hadi 3, huyalalia kwa siku 30 hivi, na kwa kawaida ni kinda mmoja tu anayekua. Jua likiwa kali wazazi huchota maji kwa mdomo na kuyamwagia mayai yapoe. Kinda hukaa zaidi ya miezi mitatu kabla ya kuruka. Aidha, jozi moja hutetea eneo la kilometa za mraba 2 hadi 4 wakati wa kuzaa. Kwa hali hiyo, kiota kimoja kikichomwa moto au kikichukuliwa, hasara yake hairudishwi kwa msimu mmoja.

Makadirio yanayotumiwa na wengi ni kwamba duniani kote wamebaki kati ya 5,000 na 8,000, na wote wako Afrika: Sudani Kusini, Uganda, magharibi mwa Tanzania, Rwanda, Kongo na Zambia. Wamo katika orodha ya viumbe walio hatarini, na biashara yao ya kimataifa inadhibitiwa na mkataba wa CITES. Hatari zinazowakabili ni vinamasi kukaushwa, moto, mifugo kukanyaga viota, na makinda kuibwa ili yauzwe nje.

2. Anapatikana wapi?

Hapa Tanzania makazi yake makubwa ni ardhi oevu ya Malagarasi-Muyovozi. Eneo hilo lina hekta 3,250,000, na mwaka 2000 lilikuwa la kwanza nchini kuingizwa kwenye orodha ya Mkataba wa Ramsar. Mkataba huo ulitiwa saini tarehe 2 Februari 1971 katika mji wa Ramsar, Iran, na unahusu kuhifadhi na kutumia kwa busara maeneo yenye maji. Ndiyo sababu tarehe 2 Februari huadhimishwa kila mwaka kuwa Siku ya Ardhi Oevu Duniani. Uganda ilijiunga na mkataba mwaka 1988, Tanzania mwaka 2000.

Hata hivyo, kufika ndani ya Malagarasi-Muyovozi si safari ya familia yenye watoto. Kwa sisi tunaoishi upande wa magharibi wa Ziwa Victoria, mahali rahisi zaidi ni Mabamba, nchini Uganda, ng'ambo ya maji upande wa magharibi wa Entebbe. Ni kinamasi kidogo cha hekta 2,424, kilichoingizwa kwenye orodha ya Ramsar mwaka 2006. Huko ndiko tulikokwenda kifamilia wakati wa likizo ya shule ya mwezi Juni. Tulikuwa watano: mimi, mume wangu, binti yetu wa kidato cha pili, mdogo wake wa darasa la tatu, na mama mkwe wangu.

3. Safari yenyewe

Tulivuka mpaka Mutukula, tukapita Masaka, na watoto wakapata kusimama kwenye alama ya Ikweta pale Kayabwe, mguu mmoja kaskazini na mwingine kusini. Tulilala njiani ili tufike mapema, kwa kuwa asubuhi ndiyo saa nzuri ya ndege, kabla jua halijawa kali na upepo wa ziwa haujaanza.

Kwenye gati tulivalishwa maboya, tukapanda mtumbwi wa mbao pamoja na mwongozaji mmoja na mwendeshaji wa mtumbwi. Mwendeshaji alikuwa mtu mzima, mvuvi wa hapo hapo. Mama mkwe alimsalimia kwa Kihaya, yeye akajibu kwa Kiganda, na wakaelewana kuliko sisi tuliotumia Kiswahili cha kubabaisha. Tangu hapo alimwita jjajja, yaani bibi, na maelezo yote aliyapeleka kwake kwanza.

Mtumbwi uliingia kwenye vijia vyembamba vya maji katikati ya mafunjo na mayungiyungi. Injini ilizimwa, ukatumika upondo. Kwa muda wa saa moja na nusu tuliona ndege wengi: mnandi, vizamiadagaa, kwembe, na ndege mwenye vidole virefu anayetembea juu ya majani ya mayungiyungi. Huyo tuliyemfuata hakuonekana. Mdogo wetu alianza kulala juu ya mapaja ya baba yake.

Aliyegundua dalili ya kwanza alikuwa mama mkwe. Alionyesha viputo vikipanda mahali penye maji ya tope akasema kuwa hapo pana kamongo. Mwendeshaji akacheka, akamwambia, "Jjajja, hapo ndipo na yeye anapotazama." Kweli, tulipozunguka kichaka cha mafunjo tulimkuta amesimama, kama hatua thelathini kutoka kwetu.

Mtumbwi ulisimama. Ndege hakujali. Dakika kumi zilipita, zikawa ishirini. Mtoto akaninong'oneza, "Mama, amekufa?" Nikamwonyesha jicho lake kwa darubini. Mara, bila kuonyesha dalili yoyote, ndege alijitupa mbele kwa mwili wake wote, mabawa yamefunguka, mdomo umezama kwenye maji. Alipoinuka alikuwa na fungu la majani mdomoni. Alilitikisa, majani yakadondoka upande huu na huu, akabaki kamongo akijinyonganyonga. Alimkata kichwa kwa kingo za mdomo, akameza. Kisha akanywa maji, akarudi kusimama kama mwanzo.

Mtumbwi mwingine ulifika nyuma yetu, na wageni waliokuwamo wakataka wasogezwe karibu zaidi wapige picha. Mwendeshaji wao alikataa kwa upole. Mwongozaji wetu alitueleza kuwa ndege akifukuzwa mara mbili tatu huhama mahali hapo pa kuvulia, na siku hiyo atashinda njaa. Kwa hiyo hawasogei mpaka aruke.

4. Wavuvi walibadilikaje?

Jambo hili ndilo lililotufanya tuandike somo. Zamani wavuvi wa Mabamba waliamini kuwa ukikutana na korongo nyangumi unapokwenda kuvua, siku hiyo hupati kitu. Wengine walirudi nyumbani na nyavu zao. Wengine walimuua. Mwendeshaji wetu alisema babake alikuwa mmoja wa waliorudi nyumbani.

Si vema kuicheka imani hiyo. Ndege na mvuvi wanamtafuta samaki yule yule, mahali pale pale, saa ile ile. Mtu mwenye watoto wanaosubiri mboga, akimwona mshindani wake amemtangulia, anatafuta maelezo. Kumwambia tu kuwa ndege huyu ni adimu duniani hakungembadilisha.

Kilichobadilisha mambo ni manufaa yaliyoonekana. Wageni walipoanza kufika kumtafuta ndege huyo, wavuvi ndio waliojua alipo. Baadhi walijifunza kuongoza, wengine wakakodisha mitumbwi, kina mama wakapika chakula na kuuza mikeka na vikapu. Waongozaji na waendesha mitumbwi wakaunda vikundi vyenye zamu, ili fedha isiishie kwa mtu mmoja. Ndege aliyekuwa mkosi akawa sababu ya mtoto kulipiwa ada.

Mfano kama huo uko pia Bangweulu nchini Zambia, ambako wanajamii wameajiriwa kulinda viota vya korongo nyangumi mpaka makinda yaweze kuruka. Wanaolinda ni watu wa mle mle vinamasini, wanaojua kila kijia.

Mama mkwe alimuuliza mwendeshaji swali ambalo kila mratibu wa mradi angepaswa kuuliza: siku ambazo wageni hawaji, mnakula nini? Akajibu kuwa nyavu zake hajazitupa. Hilo ni jibu la hekima. Mwaka 2020 mipaka na usafiri vilipofungwa kwa sababu ya UVIKO-19, mapato ya wageni yalikatika ghafla katika maeneo mengi ya utalii Afrika Mashariki. Mwaka huo huo, na tena mwaka 2024, maji ya Ziwa Victoria yalipanda sana, yakaharibu nyumba, magati na mashamba ya kando ya ziwa. Aliyekuwa na njia moja tu ya kuishi aliumia zaidi.

5. Kazi za kinamasi zisizoonekana

Ndege ni alama tu. Akiwapo, maana yake pana samaki, mafunjo na maji ya kutosha. Kazi tatu kubwa za kinamasi ni hizi:

Kwanza, hutunza maji. Mizizi ya mafunjo na udongo wake hufyonza maji ya mvua kama sponji na kuyaachia polepole. Bonde likikaushwa, masika huleta mafuriko na kiangazi visima hukauka.

Pili, husafisha maji. Mfano unaojulikana ni kinamasi cha Nakivubo, Kampala. Maji machafu ya jiji hupita humo kabla ya kufika kwenye ghuba ya Ziwa Victoria ambako jiji huchota maji ya kunywa. Utafiti wa mwaka 1999 ulikadiria kuwa huduma hiyo ina thamani ya hadi dola za Marekani milioni 1.75 kwa mwaka. Pamoja na hayo, sehemu kubwa ya kinamasi hicho imevamiwa na mashamba na majengo. Kwa Uganda nzima, ardhi oevu ilipungua kutoka asilimia 15.6 ya nchi mwaka 1994 hadi asilimia 10.9 mwaka 2008.

Tatu, ni kitalu cha samaki. Sato na kambale huzaliana na kukua kwenye maji tulivu yenye majani. Mvuvi wa ziwani anavuna kilicholelewa kinamasini.

Zaidi ya hayo yapo mafunjo ya mikeka na kuezekea, udongo wa kufinyanga, dawa, na maji ya mifugo wakati wa kiangazi. Mara nyingi watumiaji wake wakubwa ni kina mama na kaya zisizo na ardhi, ambao hawamo kwenye kikao kinachoamua bonde lilimwe.

6. Tukirudi kwenye mabonde yetu

Tukiwa bado kwenye mtumbwi mama mkwe alisema kuwa bonde la kwao alipokuwa msichana lilikuwa hivi hivi, na walikuwa wakitega kambale kwa vikapu. Leo mfereji wa katikati umekauka kufikia Agosti, na maji huchotwa mbali. Binti yetu alimuuliza nani aliyelikausha. Akajibu: sisi wote, kila mtu tuta moja.

Jibu hilo halimlaumu mkulima. Familia yenye robo eka ya migomba, na ambayo migomba yake imeshambuliwa na mnyauko, inalitazama bonde kama tumaini la mwisho. Kamati ikisema "hapana" bila kutoa njia nyingine, watu watalima usiku. Hivyo tunashauri yafuatayo yazingatiwe kabla ya kupitisha mradi wowote wa bondeni:

(i) Sheria. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kibinadamu za kudumu, au zinazoweza kuharibu mazingira, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa au bwawa. Mradi ukivuka mpaka huo hautadumu, na fedha za mfadhili zitapotea.

(ii) Watumiaji. Kamati ipite bondeni kwa siku mbili, asubuhi na jioni, iandike nani anachota maji, nani anakata mafunjo, nani anavua. Wote hao waitwe kwenye kikao.

(iii) Mahali pa bustani. Mboga za kiangazi zinaweza kulimwa juu ya mita 60 kwa kumwagilia kwa ndoo au pampu ya kukanyaga, huku katikati ya bonde pakiachwa na mafunjo yake.

(iv) Moto. Makubaliano ya kutochoma mafunjo hayagharimu fedha, na matokeo yake huonekana msimu unaofuata.

(v) Manufaa ya haraka. Kama jamii inaombwa kuacha kitu leo, ipate kitu leo, hata kama ni kidogo. Somo la Mabamba ni hilo.

Kwa marafiki wanaochangia kazi hizi, tungependa mfahamu kuwa mradi wa kuacha mafunjo mahali pake hauna jengo la kufungua wala kibao cha kupiga picha. Kipimo chake ni kisima kuwa na maji mwezi Septemba. Tunaomba mkipokea taarifa ya namna hiyo msiione kuwa ni pungufu.

7. Kama familia au kikundi mtapenda kwenda

Beba pasipoti au hati ya kusafiria kwa kila mtu, watoto wakiwamo, na cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Fika gati mapema asubuhi. Kila mtu avae boya, hata anayejua kuogelea. Chukua kofia, maji ya kunywa, koti la mvua na darubini hata moja ya kupokezana. Vaeni nguo za rangi tulivu, ongeeni kwa sauti ya chini, msimshurutishe mwendeshaji kusogea. Mtumieni mwongozaji wa kijijini na mlipe bei iliyopangwa na kikundi chao. Na mjiandae kumkosa. Korongo nyangumi hana ahadi na mtu.

Wasioweza kusafiri wasikate tamaa. Watoto wa shule ya Jumapili wakipelekwa kwenye bonde la jirani na daftari moja, wataweza kuhesabu aina za ndege na kuziandika. Wakirudia kila mwaka mwezi ule ule, usharika utakuwa na kumbukumbu yake wa hali ya bonde. Binti yetu ameanza. Orodha yake ya kwanza ina ndege 14, na fundichuma yumo.

8. Maswali ya majadiliano

1. Bonde au kinamasi kilicho karibu nasi kilikuwaje miaka thelathini iliyopita? Waulizwe wazee, wanaume kwa wanawake.
2. Ni nani katika usharika wetu anaishi kwa kutegemea bonde hilo, na je, amewahi kuulizwa maoni yake?
3. Je, kuna mnyama au ndege ambaye kwetu anahesabiwa kuwa mkosi? Imani hiyo ilitokana na nini?
4. Tukiamua kuacha sehemu ya bonde, kaya zitakazopoteza matuta zitapata nini, kutoka kwa nani, na lini?
5. Mradi wetu ukikosa mgeni au mfadhili kwa mwaka mzima, walengwa watakula nini?

Swali la tano lijibiwe kwa maandishi na kila kamati, na majibu yaletwe kwenye kikao cha robo ijayo. Tutayasoma yote.